Siku tano Islay, kufuata moshi wa piti

Jumatano

Basi liliondoka Glasgow asubuhi, mvua ikirasharasha. Mimi na shemeji tulikaa upande wa kulia ili tulione vizuri ziwa la Lomond. Dada alikuwa ametufungia chapati na mayai ya kuchemsha, na akatuagiza jambo moja tu: tusirudi tumelewa. Tuliliheshimu neno lake siku zote tano, na namna tulivyoliheshimu nitaeleza.

Mimi ni mpishi. Natoka Kibosho, Moshi Vijijini, na jikoni kwa bibi ndiko nilikojifunza kwamba moshi ni kiungo kama chumvi. Ndizi zilizookwa kwenye majivu, masizi yaliyoning'inia darini, nyama iliyotundikwa juu ya mafiga hadi ikakauka. Miaka kadhaa iliyopita mpishi mkuu wangu hapa Glasgow alinimiminia kidogo wiski ya Lagavulin, ya kisiwa cha Islay hapa Uskoti, baada ya kufunga jiko usiku. Nilipoinusa nilinyamaza. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa bibi. Tangu siku hiyo nilitaka kwenda kuona moshi ule unatoka wapi, na mwaka huu shemeji, mume wa dada yangu, mtu wa Bomet, akasema twende wote.

Najua wasomaji wengi hawanywi pombe, nami simshawishi mtu. Naandika kwa wanaoonja, na kwa yeyote anayependa kujua kitu kinavyotengenezwa.

Njia inapanda hadi kwenye kipito cha Rest and Be Thankful, inashuka Inveraray, inapita Lochgilphead na Tarbert, halafu unafika Kennacraig, ambapo hakuna mji, ni gati tu. Hapo tukapanda meli. Safari ya majini ni zaidi ya saa mbili kidogo. Ukikaribia kisiwa upande wa kusini unaona majengo meupe kwenye ukingo wa bahari, yameandikwa majina kwa herufi nyeusi kubwa zinazosomeka ukiwa melini: ARDBEG, LAGAVULIN, LAPHROAIG. Abiria wote walitoka nje kutazama. Mzee mmoja alivua kofia.

Islay hutamkwa Aila. Ina watu kama 3,000 na viwanda vya wiski takriban kumi. Tuliposhuka Port Ellen, upepo ulikuwa unatoka upande wa kiwanda kikubwa cha kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, kilichojengwa 1973, ambacho hutia moshi shayiri ya viwanda vingi vya kisiwani. Harufu ilitupokea kabla ya mtu yeyote. Si ya kuni, wala si ya mkaa. Ni ya udongo unaoungua, nzito, yenye utamu kwa mbali.

Mama mwenye nyumba tuliyofikia aliwasha piti, udongo huo huo wa kuungua, mekoni kwa heshima ya wageni, akatuletea chai. Shemeji alivuta kiti karibu na moto, akakaa muda mrefu bila kusema.

"Shem," akasema mwishowe, "hii harufu naijua. Imenikwama tu kwa jina."

Nikamwambia atalipata. Saa tatu usiku jua lilikuwa bado juu ya maji.

Alhamisi

Leo ndiyo siku ambayo ningeirudia hata kesho.

Asubuhi kaka yake mwenye nyumba alitupeleka kinamasini kwa gari lake. Kila gari tuliyopishana nayo, dereva aliinua mkono kutusalimu, naye akajibu kila mara. Hiyo ndiyo desturi ya Islay, mgeni na mwenyeji ni sawa.

Piti ni mboji ya kinamasi. Vijimea vidogo vinyonyavyo maji kama sponji, nyasi na vichaka vifupi vya nyika hufa mahali penye maji yasiyopitisha hewa, kwa hiyo havimalizi kuoza. Hujilundika taratibu sana, kama milimita moja kwa mwaka. Ukisimama ndani ya shimo lenye kina cha mita moja, kisigino chako kinakanyaga mimea ya miaka elfu moja iliyopita. Mzee yule anachimba ya kuota moto nyumbani kwake. Anatumia jembe refu jembamba lenye wembe wa pembeni, ambalo kwa Kigaeli huitwa *tairsgeir*. Analisukuma chini kwa uzito wa mwili, linakata vipande vya mstatili kama matofali mabichi, mwenzake anapokea na kuvipanga nyasini. Mwezi wa nne na wa tano ndio wakati wake, ili kiangazi kivikaushe.

Alinipa kipande kibichi. Kilikuwa cheusi, baridi, kizito na laini kama ini la ng'ombe, maji yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Kisha akanipa kikavu cha mwaka jana. Kilikuwa chepesi kama gome la mti, na ndani yake nyuzi za mizizi zilionekana bado, nyembamba kama nywele. Nilikivunja, nikakinusa: hakina harufu ya moshi hata kidogo. Moshi umo ndani umelala, unangoja moto.

Nilimuuliza kama kuchimba huku hakumsumbui moyo. Alisema kunamsumbua. Karibu theluthi mbili za maisha yake wanasayansi wamekuwa wakiwaambia kwamba kinamasi ni ghala la kaboni, na ukikikausha kaboni inapanda hewani. Mimi nami nikakumbuka bonde la Kongo, ambako mwaka 2017 watafiti walitangaza kinamasi cha mboji cha kilomita za mraba 145,500, chenye tani kama bilioni 30 za kaboni chini ya msitu. Ni mali ile ile. Nimekubali tangu hapo kwamba wiski hii si kitu cha kunywa kwa pupa. Kila tone limekula kitu kisichorudi katika maisha ya mtu.

Mchana tulishika njia ya miguu kutoka Port Ellen. Viwanda vitatu vya kusini vimepangana kwenye njia moja ya kilomita tano hivi: Laphroaig, Lagavulin, Ardbeg.

Laphroaig ilianza 1815. Hapa bado sehemu ya kimea hutengenezwa kwa mikono, shayiri imelowekwa na kutandazwa kwenye sakafu ya mawe, wafanyakazi wanaigeuza ili mizizi isishikane. Niliinama nikachota kiganja. Punje zimefunguka, vijizizi vyeupe vinatoka. Bibi alikuwa akifanya hivi hivi na ulezi: anauloweka, anaufunika majani ya mgomba hadi unaota, kisha anauanika juani na kuusaga. Huo ndio mso unaoipa mbege nguvu. Kimea ni kimea. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa na jua.

Hapo nikaielewa wiski ya moshi kwa mara ya kwanza. Islay mvua hainyamazi na miti ni michache. Shayiri iliyoota lazima ikaushwe upesi, la sivyo inaharibika. Hapakuwa na jua la kutegemea, hapakuwa na kuni za kutosha, kulikuwa na piti chini ya miguu. Wakakaushia piti, na moshi ukaingia kwenye punje. Huko bara, reli ilipofika karne ya 19 na kuleta makaa yasiyo na moshi mwingi, viwanda vingi viliachana na piti. Visiwani waliendelea kwa sababu ndicho walichokuwa nacho. Ladha ambayo leo watu wanaivukia bahari ilizaliwa na uhaba.

Mwongozaji alitufungulia mlango wa tanuri. Piti inawaka chini, lakini hawaiachi ilipuke; wanautaka moshi, hawautaki moto. Moshi unapanda kupitia sakafu yenye matundu hadi kwenye shayiri iliyo juu. Unashika punje zikiwa bado na unyevu tu; zikikauka hazipokei tena. Ndiyo maana moshi hutangulia, hewa ya moto ikafuata kumalizia. Tulitafuna punje zilizotoka tanurini: utamu kama wa biskuti, halafu majivu yanabaki ulimini.

Laphroaig ya miaka 10, yaani iliyolala pipani miaka hiyo, ni wiski isiyoomba radhi. Harufu ya kwanza ni Dettol, bandeji mpya, ayodini, kisha mwani uliokaushwa kama ule unaoanikwa Paje na Jambiani. Wenyewe wanasimulia kwamba Marekani ilipopiga marufuku pombe, kati ya 1920 na 1933, yao iliendelea kuingia kwa jina la dawa. Ukiinusa unaelewa afisa wa forodha aliaminije. Ukingoja dakika tano na kutia matone mawili ya maji, hospitali inarudi nyuma na utamu wa kimea unajitokeza. Anayeionja kwa haraka na kuisukuma kando hajaionja.

Kuna jambo jingine la Laphroaig lililonigusa. Mwaka 1934 msichana wa Glasgow, Bessie Williamson, alikuja hapa kuchapa barua kwa muda wa kiangazi kimoja. Akabaki. Akajifunza kazi yote, akaongoza kiwanda, na Ian Hunter, mwenye kiwanda, asiye na mtoto, alipofariki 1954 akamwachia yeye. Aliendelea hadi alipostaafu 1972. Katika biashara iliyokuwa ya wanaume watupu, ladha hii ya ukali ilipita katika mikono ya mwanamke aliyeajiriwa kwa msimu mmoja.

Njiani kuelekea Lagavulin mwongozaji mwingine alitupa kisa cha jirani na jirani. Peter Mackie wa Lagavulin alikuwa wakala wa kuuza Laphroaig. Uwakala ulipomtoka, 1908 alijenga kiwanda kidogo ndani ya uwanja wake, akakiita Malt Mill, akachukua wafanyakazi wa Laphroaig, akatafuta mitambo ifanane, piti ile ile, mwambao ule ule. Hakuipata. Wiski yake ilikuwa nzuri lakini haikuwa Laphroaig, na Malt Mill ilifungwa 1962. Huo ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kati ya kiwanda na kiwanda.

Sababu moja ni shaba. Lagavulin hupika polepole, yaani huchemsha pombe na kukinga mvuke wake, katika vyungu vya shaba vya umbo la peasi, vilivyojazwa karibu pomoni. Sababu nyingine ni wakati wa kukinga. Moshi mzito hutoka mwishoni mwa upishi, na mpishi ndiye anayeamua aache kukinga lini. Akichelewa, anapata lami na dawa zaidi. Akiwahi, anapata matunda. Aliyewahi kukaa karibu na wapika gongo anajua kwamba yanayotoka mwanzo, katikati na mwisho si kitu kimoja.

Lagavulin ya miaka 16 niliinywa nimesimama nje, nikitazama magofu ya ngome ya Dunyvaig, iliyokuwa ya mabwana wa visiwa hivi zamani. Pombe asilimia 43. Tende, ngozi, chai nyeusi iliyochemka mno, na chini yake kaa lililofunikwa majivu, bado jekundu ndani. Moshi wake haukurukii. Unakaa. Kama ningelazimishwa kubaki na chupa moja maisha yangu yote, ningeshika hii, na sina haja ya kufikiri mara mbili.

Ardbeg tulifika jioni miguu ikiuma. Kiwanda hiki kilifungwa 1981, kikafunguliwa nusunusu 1989, na kilikuwa kinaelekea kufa hadi kiliponunuliwa na Glenmorangie 1997. Ardbeg ya miaka 10, asilimia 46, ina moshi mwingi kuliko majirani zake, ila ni msafi: ndimu, pilipili manga, lami ya kamba za mashua, halafu utamu unaokuja kutoka mahali usipopategemea. Kwenye chungu chao cha pili kuna kibomba kinachorudisha mvuke mzito uanze upya, na wenyeji wanasema wepesi wake unatoka hapo. Wenye kupenda nguvu wajaribu Uigeadail ya hapo hapo, asilimia 54.2, ambayo sehemu yake imelala kwenye mapipa ya sheri, mvinyo wa Hispania. Ni kama nyama choma iliyopakwa asali.

Sasa namna tulivyolishika neno la dada. Sheria ya kuendesha gari Uskoti ni kali kuliko ya Uingereza, kwa hiyo viwanda vimezoea kuwapa madereva vichupa vidogo waende na vionjo vyao. Hatukuwa na gari, lakini tuliomba vichupa vile vile. Kila mahali tulilowesha ulimi tu, kilichobaki kikaingia kwenye mkoba wa shemeji.

Ijumaa

Barabara ya Port Ellen kwenda Bowmore imenyooka kama rula na imejengwa juu ya piti, kwa hiyo inapanda na kushuka kama godoro. Basi lilitubembeleza njia nzima.

Bowmore ni kikongwe, mwaka 1779 ndio anaoutaja kwenye lebo zake. Hapa nako wanageuza kimea sakafuni, na moshi wao ni wa wastani. Ghala lao namba moja liko chini ya usawa wa bahari, ukuta wake unapigwa na mawimbi ya ghuba ya Loch Indaal. Ndani ni giza, baridi, harufu ya mbao zilizolowa. Ghala jingine walilitoa kwa wananchi likawa bwawa la kuogelea, na maji yake hupashwa kwa joto linalobaki kiwandani. Tuliwakuta watoto wa shule wanajifunza kuogelea. Juu ya mtaa kuna kanisa la mviringo la 1767; husemwa lilijengwa hivyo ili shetani asipate pembe ya kujificha.

Chakula cha mchana kilikuwa chaza. Unamla, kisha unamimina Bowmore kidogo kwenye gamba lenye maji yake ya chumvi, unakunywa kutoka humo humo. Nimepika samaki na dagaa wa kila namna miaka mingi, na sikuwahi kuona chumvi na moshi vinavyoelewana hivi.

Ng'ambo ya Loch Indaal kuna Bruichladdich, kilichofungwa 1994 na kuamshwa tena 2001. Hapo ndipo penye somo la namba. Wapenzi wa wiski za moshi hupenda kutaja kipimo cha fenoli, yaani kemikali za moshi zilizoshika kwenye kimea, kwa sehemu katika milioni moja. Bowmore ni kama 25. Lagavulin na Caol Ila ni kama 35. Laphroaig 40 na zaidi kidogo. Ardbeg 55. Bruichladdich wenyewe wana Port Charlotte yenye 40, halafu wana Octomore, ambayo haishuki chini ya 80, na toleo la 8.3 kimea chake kilipimwa 309.

Nilidhani 309 itanichoma koo. Lakini kipimo hicho ni cha kimea kabla hakijasagwa. Kinapopita majini, kwenye uchachu na kwenye shaba, sehemu kubwa ya fenoli inaachwa njiani, na pipa linaendelea kuipunguza mwaka hadi mwaka. Octomore ndiyo maana hutolewa changa, mara nyingi miaka mitano, kwa nguvu ya asilimia 60 hivi. Toleo tulilopewa lilikuwa na moshi, tena mwingi, ila umevaa vanila, mkate wa asali na krimu. Shaba ndefu za Bruichladdich hutoa pombe laini. Laphroaig, kwa namba ndogo mara nyingi zaidi, ilinipiga kwa nguvu zaidi. Tena kimea cha Octomore hutiwa moshi Inverness, bara, na piti ya bara ina masalia mengi ya miti. Hainuki mwani. Inanuka kuni.

Kwa hiyo usinunue kwa namba. Aliyenishangaza pale ni Port Charlotte ya miaka 10, asilimia 50: moshi wa jiko la nje, pera lililoiva, chumvi mdomoni. Ni chupa ya kutafuta.

Jumamosi

Teksi ilitupeleka Kilchoman, magharibi kabisa, shambani. Kilianza 2005, cha kwanza kipya kisiwani baada ya miaka 124. Wanalima shayiri, wanaiotesha, wanaitia moshi, wanapika na kujaza chupa pale pale. Machir Bay yao, asilimia 46, ni changa na ina ndimu nyingi. Nawaheshimu, ila moyo wangu haukusimama.

Caol Ila ni habari nyingine. Hutamkwa karibu na Kal Ila. Kiko karibu na bandari ndogo ya Port Askaig, na chumba cha vyungu kina ukuta mzima wa vioo unaotazama mlango-bahari na milima ya kisiwa cha Jura. Vyungu sita vikubwa vya shaba, maji yanayokimbia nyuma yake kama mto. Wapishi wa hapa wana dirisha ambalo mpishi wa mgahawani kama mimi analiota tu.

Kimea chao kinatoka Port Ellen, kwa kipimo kile kile cha moshi kinachokwenda Lagavulin. Ukiziweka pamoja huamini. Lagavulin ni kaa chini ya majivu. Caol Ila ya miaka 12 ni moshi unaopita juu ya maji asubuhi: samaki wa kuchomwa, ndimu, nyasi, mafuta kidogo midomoni. Hii ndiyo ya kumwanzishia mgeni wa moshi. Si kali, na haifichi kitu.

Kisha mwongozaji akasema jambo lililotufanya tutazamane. Sehemu kubwa ya wiski ya hapa huingia kwenye Johnnie Walker, na moshi ule mdogo ulio ndani ya Black Label sehemu yake unatoka humu. Chupa ile imekaa kwenye meza za harusi za Nairobi, Arusha na Kampala tangu sijazaliwa. Baba yangu mdogo aliiweka kabatini kwa wageni wa posa. Tulikuwa tumeshawahi kukutana na Islay nyumbani, bila kutambulishwa.

Usiku huo mama mwenye nyumba alitandika kitambaa mezani, akaleta glasi saba ndogo zenye shingo nyembamba, na shemeji akafungua mkoba. Tulimwaga vichupa vyote, kila glasi kijiko kimoja tu, tukazipanga kuanzia mpole hadi mkali: Bowmore, Caol Ila, Machir Bay, Port Charlotte, Lagavulin, Ardbeg, Laphroaig. Octomore hatukuiweka, ingezima nyingine. Mama alitufundisha kuacha mdomo wazi kidogo tunaponusa, ili pombe isichome pua, na kupumzisha pua kwa kunusa mkono wako mwenyewe. Alituambia pia kwamba jina la wiski kwa Kigaeli, *uisge beatha*, maana yake ni maji ya uhai, na kwamba marehemu mumewe alikuwa anafanya kazi ya kugeuza kimea hadi mabega yakapinda.

Shemeji alirudi mara tatu kwenye glasi ya Laphroaig. "Ni hapa hapa karibu," akasema. "Lakini kuna kitu kinalifunika."

Tukaenda kulala bila kuosha vyombo. Mama alikataa tusiguse.

Jumapili

Niliamka saa kumi na mbili nikamkuta shemeji mezani, amevaa koti, glasi tupu mbele yake. Zile glasi zilikuwa zimekauka usiku. Pombe ilikuwa imeruka yote na kilichobaki kwenye kioo ni moshi mtupu, mkavu, safi kuliko ulivyokuwa ndani ya wiski.

Alinisogezea ya Laphroaig bila kusema. Nikanusa. Mimi nilisikia majivu ya baridi na mafiga ya asubuhi.

"Sotet," akasema. "Shem, hiki ni kibuyu cha kogo wangu."

Akanieleza taratibu, macho kwenye kioo. Bibi yake akitaka kutengeneza mursik, maziwa ya mgando, huchoma kijiti cha mti wa senetwet, anakiingiza ndani ya kibuyu kikiwa kaa, anasugua na kusugua mpaka ukuta wa ndani unakuwa mweusi na unang'aa. Kisha anakiacha wazi kidogo kipumue kabla ya kumimina maziwa. Yeye, akiwa mdogo, alikuwa akiweka pua kwenye mdomo wa kibuyu wakati huo, kabla ya maziwa, na kogo alikuwa akimfukuza. Ndiyo maana mekoni Jumatano ilimkwama na kwenye glasi iliyojaa ikamkwama. Alihitaji chombo kitupu.

Melini tulikaa na mwenyeji mmoja wa Mull aliyetaka tusidhani moshi unaishia Islay. Alitutajia Ledaig ya kwao, inayopikwa Tobermory. Talisker ya kisiwa cha Skye, yenye pilipili. Na Longrow, inayopikwa kwenye kiwanda cha Springbank huko Campbeltown, kusini mwa gati tulilokuwa tunaliendea. Talisker naijua na naipenda. Nyingine mbili nimeziandika.

Shemeji hakuwa anasikiliza sana. Mama mwenye nyumba alikuwa amempa ile glasi, ameifunga kwa gazeti bila kuiosha na kuziba mdomo wake kwa kipande cha kitambaa. Alikuwa ameishika mapajani kwa mikono miwili, na tulipopita Gigha aliniomba simu yangu, yake ilikuwa imezima, ampigie mama yake Bomet amuulize kama kile kibuyu bado kipo.